Kompyuta haijazeeka, kuna programu iliyohodhi prosesa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo, kwa miaka tisa niliyoendesha duka la stesheneri hapa Morogoro, nimeliona likiwatoa watu fedha bila sababu. Kompyuta ikianza kuwa nzito, herufi zikachelewa kutokea kwenye kioo na feni ikavuma kama mashine ya kusaga, wengi wetu hukata shauri kwamba imechoka, kisha tukaiuza kwa bei ya kutupa au tukaipandisha stoo juu ya nyingine zilizotangulia. Mara nyingi kompyuta hiyo haina ubovu wowote. Ndani yake kuna programu moja iliyohodhi prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, na dawa yake ni kuiwekea kikomo, kazi isiyochukua hata dakika tano wala kuhitaji kununua kitu chochote.

Mimi mwenyewe nililijua hili baada ya kupata hasara. Dukani nina kompyuta 6, na mojawapo, ya zamani kidogo yenye prosesa ya viini 4 (yaani sehemu nne zinazoweza kufanya kazi kwa pamoja), ndiyo inayotunza mafaili ya wateja na kupokea kazi zote za kuchapa kutoka kwa zile nyingine 5. Inatumia mfumo endeshi wa Linux. Mwaka juzi, katika juma la mwisho la maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, duka lilijaa vijana wenye bahasha za vyeti mikononi, hata ikabidi kompyuta hiyo nayo nimkalishe mteja. Binti aliyeipata alikuwa akiandika jina la mdhamini wake. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena, kisha akanigeukia: "Samahani baba, mbona herufi hazitoki?" Nilisimama nyuma ya kiti chake nikahesabu kimoyomoyo. Nilifika sita ndipo herufi moja ilipojitokeza, na papo hapo nyingine nne zikamwagika kwa mkupuo. Printa ilikuwa kimya, na kazi 11 zilikuwa kwenye foleni yake.

Fundi niliyemwita aliitazama kwa muda mfupi, akagusa ubavu wa boksi uliokuwa wa moto, akatamka kwamba prosesa imechoka na kwamba nikitaka amani ninunue kompyuta nyingine. Hakufungua hata mara moja orodha ya programu zinazoendeshwa. Nami sikujua kwamba orodha hiyo ipo. Nilitoa shilingi laki saba nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kodi ya pango, nikanunua iliyotumika lakini yenye nguvu zaidi, tukahamishia kila kitu humo. Wiki mbili baadaye, saa kumi na moja jioni, ikagoma vilevile.

Kijana mmoja wa chuo aliyekuwa akisubiri kuchapa ripoti yake ya utafiti aliniomba ruhusa akae mbele ya kompyuta ile. Akafungua programu iitwayo top, ambayo huonyesha kila kinachoendeshwa na kiasi cha prosesa kinachotumiwa na kila kimoja. Mstari wa juu kabisa ulikuwa na neno ffmpeg, na kando yake tarakimu 392. "Mzee, hii ni ya nani?" akaniuliza. Ilikuwa ya shemeji yangu. Yeye hupiga picha za video katika harusi na sherehe za kuwaaga mabibi harusi, na kwa makubaliano yetu alikuwa akiacha video zake zibanwe ukubwa kwenye kompyuta yangu, akiamini kwamba ikifika jioni wateja huwa wamekwisha. Tulipohamia kwenye kompyuta mpya, kazi yake nayo ilihamia pamoja nasi. Yule kijana alisakinisha programu ndogo iitwayo cpulimit, akaielekeza kwa ile ffmpeg kwa kiwango cha 200, na kabla sijamaliza kusoma alichoandika, printa ilianza kuvuta karatasi. Video ya shemeji, ambayo ilizoea kuchukua saa moja na dakika arobaini, siku hiyo ilizidi saa tatu. Lakini nani alikuwa akiisubiri usiku ule? Asubuhi aliikuta tayari kama kawaida yake.

Napenda wasomaji waielewe tarakimu ile ya 392, maana ndiyo ufunguo wa jambo lote. Katika hesabu ya Linux, kiini kimoja cha prosesa kikifanya kazi bila kupumzika huhesabiwa kuwa 100. Prosesa yenye viini 4, kama ya kompyuta hiyo, kwa hiyo hufikia 400, na programu iliyochukua 392 imewaachia wengine wote makombo ya 8. Programu hiyo haikuwa na kosa lolote. Kubana video ni hesabu nyingi sana zinazochukua muda mrefu, na aliyeitunga aliifanya itumie viini vyote inavyovikuta ili imalize mapema. Kosa lilikuwa letu sisi tuliompa mgeni chumba kizima bila kumwambia kwamba nyumba ina wapangaji wengine.

Kugawana prosesa si jambo geni. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kubwa kwa wakati mmoja, kila mmoja akipewa kipande kidogo cha muda, kisha mwingine, kisha mwingine, kwa kasi iliyomfanya kila mtu aone kana kwamba mashine ni yake peke yake. Kompyuta zetu za leo bado zinafanya hivyohivyo. Ndani ya kerneli, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, kuna mpanga zamu anayeamua ni programu ipi iingie kwenye prosesa na ikae humo kwa muda gani. Mpanga zamu aliyetumika kwenye Linux kwa muda mrefu aliandikwa na Ingo Molnár na kuingizwa katika toleo la mwaka 2007, na mwaka 2023, katika toleo la 6.6, utaratibu wake ulibadilishwa. Ila mpanga zamu hajui kwamba binti anayeandika jina la mdhamini ana haraka kuliko video ya harusi. Lazima aambiwe.

Kuna namna mbili za kumwambia, nazo watu huzichanganya sana, hata baadhi ya mafundi. Namna ya kwanza ni ya upole. Amri yake inaitwa nice, neno la Kiingereza lenye maana ya kuwa muungwana kwa wenzako, na kiwango chake huanzia -20 hadi 19. Programu ya kawaida huwa kwenye 0. Ukiipandisha namba hiyo, programu inakubali kusubiri zaidi ili wengine watangulie. Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuipandisha, lakini kuishusha chini ya sifuri, yaani kudai upendeleo, ni ruhusa ya msimamizi wa mfumo peke yake, na naona utaratibu huo una hekima. Kipimo chake kimewekwa kwa mizani: programu yenye 0 ina uzito wa 1,024, yenye 10 ina uzito wa 110, na yenye 19 ina uzito wa 15 tu. Kwa hiyo programu mbili zikigombea kiini kimoja, moja ikiwa kwenye 0 na nyingine kwenye 19, ile ya pili hupata takriban sehemu moja na nusu katika mia. Ikiwa tayari inaendeshwa, hubadilishwa kwa amri ya renice bila kuizima.

Lakini upole huo una mpaka wake. Nice husema nani atangulie pale panapokuwa na foleni. Pasipokuwa na foleni, programu yenye 19 huchukua prosesa yote, feni ikavuma, na boksi likapata moto vilevile. Tena tangu toleo la Linux la 2.6.38 la mwaka 2011, kompyuta nyingi za mezani huzikusanya programu katika makundi kulingana na mahali zilipoanzishwa, na namba ya nice ikawa na nguvu ndani ya kundi lake kuliko nje yake. Mtu asiyejua hili huandika amri, akaona hakuna kilichobadilika, akadhani amri yenyewe ni ya uongo.

Namna ya pili ni ya mgao kamili, na neno mgao sote tunalijua vizuri. Hapo programu huambiwa: hata kama prosesa iko tupu, wewe hutavuka kiasi hiki. Ile cpulimit ya yule kijana hufanya hivyo kwa njia rahisi mno: huisimamisha programu kwa muda mfupi sana, ikairuhusu tena, ikaisimamisha tena, mara nyingi katika kila sekunde, mpaka wastani wake ubaki pale ulipoagizwa. Asiyejihadhari husahau mambo mawili. Kiwango chake huhesabiwa kwa kiini kimoja, hivyo katika prosesa ya viini 4 ukiandika 50 umeipa programu nusu ya kiini kimoja, wala si nusu ya prosesa. Na programu ikizaa programu nyingine ndogo za kuisaidia, hizo hazihesabiwi mpaka uombe zihesabiwe.

Njia iliyo imara zaidi iko ndani ya kerneli yenyewe. Mwaka 2006 wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, walianza kazi ya kuziweka programu katika makundi yenye mipaka, na kazi hiyo, inayojulikana kwa jina la cgroups, iliingia katika Linux 2.6.24 mwezi Januari 2008. Kikomo cha muda wa prosesa kilifuata katika toleo la 3.2 mwaka 2012. Hapo kundi hupewa kipindi, kwa kawaida milisekunde 100 (sehemu moja ya kumi ya sekunde), na fungu ndani ya kipindi hicho, tuseme milisekunde 50. Kundi likimaliza fungu lake hukaa nje mpaka kipindi kipya kianze. Mtu aliye kwenye toleo la kisasa la Linux anaweza kuianzisha programu yake kwa amri ya systemd-run akiwa ametaja kipengele cha CPUQuota na asilimia anayotaka, na watoto wote wa programu hiyo watahesabiwa humo humo bila kuachwa hata mmoja.

Nimekaa na jambo hili usiku mwingi, kwa hiyo naomba nieleze pia usumbufu wake. Programu yenye nyuzi nne, yaani kazi ndogo nne za ndani yake, zinazokimbia kwa pamoja kwenye viini 4 humaliza fungu lake la milisekunde 50 katika milisekunde 12 na nusu za saa ya ukutani, kisha hukaa ikitazama kwa milisekunde 87 na nusu zilizobaki. Kwa kazi ya kubana video hilo halina shida yoyote. Kwa programu inayowajibu watu, kama ukurasa wa maombi au hifadhidata ya wagonjwa, mtu aliyebonyeza wakati fungu limekwisha atahisi kukatikakatika, ilhali anayetazama wastani wa matumizi atasema prosesa ina nafasi tele. Kikomo kiwekwe kwa kazi zinazoweza kusubiri: kubana video, kunakili mafaili ya akiba usiku, kukagua virusi, kugeuza picha mia tano kwa mkupuo.

Wasomaji wengi wanatumia Windows, nao hawajasahaulika. Wakifungua Task Manager wataona safu ya CPU, na wakibonyeza kichwa cha safu hiyo programu zitajipanga kuanzia iliyohodhi zaidi. Katika ukurasa wa Details, ukibonyeza kitufe cha kulia juu ya jina la programu, unaweza kuishushia kipaumbele hadi Below normal au Low, au kuichagulia viini vichache vya kutumia na kuviacha vingine huru. Kumbuka kwamba mabadiliko hayo hufutika programu ikifungwa na kufunguliwa upya. Kinga ya virusi ya Windows yenyewe ina kipimo cha wastani wa prosesa inayoruhusiwa kutumia wakati wa ukaguzi wa ratiba, na thamani yake ya kawaida ni asilimia 50. Kwenye kompyuta dhaifu ya ofisi ni busara kuishusha, na kuusogeza ukaguzi wenyewe kwenye saa ya chakula.

Kwa shule na zahanati zinazotumia umeme wa sola, faida ni kubwa kuliko wepesi wa herufi. Prosesa inayofanya kazi kwa nguvu zote hula umeme mwingi zaidi kuliko inayopumzika, na umeme huo hugeuka joto. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, kwa hiyo katika chumba kisicho na feni, chenye vumbi la barabara, programu iliyoachwa ikimbie bila kikomo huishia kukimbia taratibu, na betri imekwisha. Hapo nice haisaidii, kwa sababu tatizo si foleni. Hapo panahitaji mgao.

Nina maonyo mawili. La kwanza, usiweke kikomo kabla ya kujua unamwekea nani. Programu yenye jina usilolitambua, inayokula prosesa mchana na usiku hata kompyuta ikiwa haina mtu, inaweza kuwa imeingizwa na wezi ili kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako, na kuiwekea mgao ni sawa na kumpangia mwizi saa za kuingia. Hiyo iondolewe. Vilevile, kama top inaonyesha prosesa imetulia lakini tarakimu iliyo kabla ya herufi "wa" ni kubwa, kinachosubiriwa ni diski, na hapo kubadilisha diski ya zamani kwa ya SSD, ile ya kisasa yenye kasi zaidi, ndiyo tiba.

La pili ni kwamba kumnyima zamu mmoja kunaweza kuwazuia wote. Chombo cha Mars Pathfinder cha Marekani kilitua kwenye sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe. Wahandisi waliporudia hali ile kwenye mashine iliyobaki duniani, waligundua kwamba kazi ya kukusanya taarifa za hali ya hewa, iliyopewa kipaumbele cha chini, ilikuwa ikishika ufunguo uliohitajiwa na kazi ya kipaumbele cha juu, na kabla haijauachia ufunguo huo ilisukumwa pembeni na kazi za kipaumbele cha kati. Mkubwa akawa anamsubiri mdogo, naye mdogo hapewi nafasi ya kumaliza. Walituma marekebisho kutoka duniani, kwamba anayeshika ufunguo unaosubiriwa na mkubwa apewe kwa muda cheo cha mkubwa huyo, na chombo kikatulia. Ndiyo maana hifadhidata inayotegemewa na ofisi nzima haiwekewi kikomo kwa pupa.

Ndugu Mhariri, haya niliyoyaandika hayahitaji shahada. Yule kijana alinifundisha kwa jioni moja, na leo mpwa wangu wa kidato cha pili anayefanya kazi dukani wakati wa likizo hufungua top kabla ya kulalamika. Naumia ninapoona shule inachangisha wazazi ili ibadilishe maabara nzima ya kompyuta, au ofisi inaziandikia barua ya kuziondoa kompyuta 20, bila mtu hata mmoja kuulizwa ni programu gani ilikuwa juu ya orodha wakati zilipokuwa nzito. Wazazi hao ndio wateja wangu. Nawafahamu wanavyozihesabu noti.

Ombi langu kwa wakuu wa shule, maofisa ununuzi na vyuo vinavyofundisha mafundi ni dogo. Katika fomu ya ukaguzi ambayo fundi huijaza kabla kompyuta haijatangazwa kuwa imekwisha, iongezwe mistari mitatu: jina la programu iliyokuwa ikitumia prosesa zaidi kuliko zote wakati wa ukaguzi, asilimia iliyotumia, na hali ya kompyuta ilivyokuwa baada ya programu hiyo kuwekewa kikomo kwa dakika kumi. Fundi atie saini chini ya mistari hiyo. Ile kompyuta niliyoambiwa imechoka niliirudisha mezani mwezi uliofuata, na barua hii nimeichapia humo, video ya shemeji ikiendelea kubanwa upande wa pili.

Wako mtiifu,
Mwenye duka la stesheneri,
Morogoro